Wageni Waliokuja Kuniulizia

Nilipomaliza msingi sikuendelea. Mama aliumwa mwaka ule, na mtu wa kumuuguza nilikuwa mie. Alipopata nafuu wenzangu walikuwa wameshanipita mbali, nami nikaona haya kurudi skuli na urefu wangu huu. Basi nikapelekwa hapa hapa Kengeja kwa fundi wa nguo, mwanamke mtu mzima ambaye kila mtu humwita Bi Fundi, nikajifunze kushona.

Kazi niliipenda, kwa sababu cherehani haiulizi habari za nyumbani. Wateja ndio walionitaabisha. Niliwapima kimya, nikawageuza kwa kuwagusa bega. Nilizoea kuuma pini mdomoni hata pale nguo isipohitaji pini, maana mtu mwenye pini mdomoni hasemeshwi.

Mwaka jana kikafunguliwa kituo cha watu kama mimi, tulioacha masomo njiani. Nikajiandikisha darasa la jioni. Mwalimu akatuambia kwamba anayejifunza kazi kwa fundi anaweza kuhesabiwa ile kazi kuwa ni somo. Kituo kingetuma mtu aje aione kazi na azungumze na fundi. Akiridhika, mwanafunzi anaingia moja kwa moja kidato cha pili. Asiporidhika, anaanza kidato cha kwanza na wanaoanza upya. Na kidato cha kwanza alikuwemo mtoto wa jirani yetu, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa hajui kupenga kamasi. Huyo tayari alishaniahidi kwamba atanisaidia hesabu. Nilikitaka kile kidato cha pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Bi Fundi nilimweleza, na akalichukua jambo lile kama lake. Mwalimu alisema tutatembelewa Jumatano, basi tangu Jumatatu akapiga deki, akaazima kiti chenye mto, akatundika dirishani gauni lake zuri kuliko yote. Kichwani mwake mgeni alikuwa bwana wa ofisini, mwenye miwani na kalamu mfukoni.

"Akija huyo bwana, weye shona tu," aliniambia. "Kusema niachie mie. Nitakusifu mpaka aone haya yeye."

Jumanne asubuhi wakaja wanawake wawili nisiowajua. Mmoja mtu mzima, mnene, ana bangili za dhahabu na hina mpya miguuni. Mwenzake kijana kidogo, kashika pochi. Wakavua viatu, wakakataa kiti cha bwana wa ofisini, wakakaa mkekani. Ikaanza sabalkheri, ikafuata hali ya nyumbani, watoto, mvua, karafuu za mwaka huu, na jamaa waliokuwa wakijuana kwa mbali. Hakuna aliyeulizwa haja yake, wala wao hawakuitaja. Mtu muungwana hafiki kwa watu akatupa haja yake mlangoni.

Mie nilikuwa pembeni napachika pini kwenye shati la skuli, nyengine nimeziuma mdomoni. Mwishowe yule wa bangili akakohoa kidogo, akasema, "Bi Fundi, sisi tumekuja kwa ajili ya huyu binti. Tumesikia habari zake, tukaona bora tuje tujionee wenyewe, na tukuulize wewe unayeshinda naye."

Bi Fundi alibadilika uso. Niliuona ukibadilika, na nikajua anawaza nini, kwa sababu hata mie niliwaza hilo hilo. Kwetu watu wanaotaka kuposa hutanguliza wanawake. Hawaendi kwanza kwa wazazi. Huzunguka pembeni, wakamuulizia binti kwa jirani au kwa yeyote anayekaa naye mchana kutwa. Na Bi Fundi alikuwa na jeraha na watu hao. Kabla yangu alishafundisha wasichana wawili, na wote waliposwa pale pale walipojua kutia kola. Tena sasa tulikuwa karibu na sikukuu, nguo za watu zimefika darini.

"Ulizeni," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

"Ana subira?"

"Subira? Huyo? Uzi ukimkatikia mara moja anataka kuutupa na cherehani."

Wageni wakatazamana.

"Na kuamka mapema?"

"Mpaka jua limuunguze."

"Usafi wake je?"

"Ah! Mnavyomwona hivi ni kwa sababu nimemwosha mie."

Uso uliniwaka, nikainamia shati. Kwa kweli nilikuwa namshukuru moyoni. Sikutaka kuolewa, nilitaka kidato cha pili. Kila uongo aliousema niliuona ni tofali analoniwekea ukuta.

"Afya yake nzuri?" akauliza yule wa pochi. Sauti yake ilikuwa imeshaingia huruma.

"Ana kikohozi. Kwao wanarithiana."

Hapo cheko lilinipanda, pini ikanigusa ulimi, nikapaliwa. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Si mnamsikia?" akasema Bi Fundi kwa huzuni.

Yule wa pochi akapumua kwa nguvu, akamgeukia mwenzake. "Haya, hapa hapana jengine. Itabidi aanze kidato cha kwanza."

"Kidato gani tena?" akauliza Bi Fundi. "Nyinyi hamkuja kuposa?"

"Kuposa!" Yule wa bangili akajishika kifua. "Bi Fundi, mie mwalimu wa jiografia kidato cha pili! Tumetoka kituoni. Kesho tuna mkutano, ndio tukaja leo."

Sijawahi kumwona mtu akirudi kinyumenyume kwa kasi kama alivyorudi Bi Fundi siku ile. "Subira anayo!" akapiga kelele. "Anayo mpaka inaniudhi! Alfajiri ananikuta mie nimelala! Msafi huyu, hata pasi yangu anaisugua!"

"Bi, sasa hivi umetuambia ana kikohozi cha kurithi."

"Kimepona!"

Walicheka wote wawili, lakini yule wa pochi alitikisa kichwa. "Maneno yako, Bi, hatuwezi tena kuyachukua, mabaya wala mazuri. Binti ashone kola mbele yetu, na atueleze mwenyewe kila anachofanya."

"Kushona atashona," akasema Bi Fundi taratibu. "Hilo la kusema..." Akanitazama kama mtu anayetazama chombo chake kikitoboka.

Nikatoa pini mdomoni, moja moja. Sikuwa na haraka. Nikachukua shati la skuli lisilo na kola, nikakata vipande viwili na kile kitambaa kigumu cha ndani, nikaanza kusema. Niliisemesha cherehani, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea.

"Sema kwetu, mwanangu," akasema yule wa bangili. "Hiyo mashine yaonyesha imeshaelewa."

Nikapandisha sauti. Nikasema kwamba vipande vinalaliana uso kwa uso, vinashonwa kingo, halafu pembe zinapunguzwa kwa mkasi ili kola ikigeuzwa isifanye nundu. Nikaigeuza, nikaipiga pasi. Nikaanza kuipachika shingoni kutokea katikati ya mgongo.

"Kwa nini usianzie pembeni?" akauliza yule wa pochi.

Nilimsikia Bi Fundi akijiziba mdomo kwa mkono, mlio kama wa kofi.

"Nikianzia pembeni," nikasema, "upande mmoja unafika mapema na mwengine unabaki nyuma. Mwenye shati anakuwa kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu."

Yule wa bangili akapinda shingo kujaribu, akacheka mpaka bangili zikalia. Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Niliwaeleza mpaka vifungo, ambavyo hawakuniuliza.

Walitoka nje wakanong'onezana. Yule wa bangili akachungulia mlangoni. "Kidato cha pili," akasema. "Jumatatu usichelewe."

Bi Fundi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika kijiji cha Chokocho. Na kwa vile majirani walishawaona wanawake wawili waliojipamba wakiingia asubuhi, hawakuhitaji kuelezwa; walijua nimeposwa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshapokea pongezi na sahani ya tambi.

"Wageni wanakuja kukuulizia," akaniambia, "na mie mamako nasikia kwa watu?"

Nikakaa, nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa sauti ya kutosha, mpaka na jiografia. Alinisikiliza huku akila tambi.

"Huko kidato cha pili mnakaa chini au kwenye madawati?"

"Madawati, mama."

"Basi jishonee gauni jengine," akasema. "Hilo limekuachia mshono kwapani, na darasani watu hunyoosha mikono."