Kibuyu cha Mbeleje kwenye Bustani ya Boma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kibuyu, ngata na onyo. Kibuyu kilikuwa cha kutekea maji, na ngata ni ule mviringo wa majani unaowekwa kichwani chini ya chombo. Onyo lilitoka kwa akida: mwanamke akishamwagilia miche atoke bustanini, asikae kivulini. Hapo palikuwa Kilimatinde, kwenye boma la Wadachi, nami nilikuwa bado binti. Kiswahili changu kilikuwa cha kubabaisha, lakini onyo lile nililielewa vizuri.

Reli ilipofika Dodoma, Bwana Mkubwa wa boma la huko alitaka bustani mbele ya ofisi yake, na baadhi yetu tukahamishiwa huko. Ninyi mnaofungua bomba mkiwa mmeshika kiuno hamwezi kuijua kazi ile. Kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba visima humo humo mchangani, tukikwangua kingo polepole ili zilale, maana kingo zikisimama wima, mchanga hushuka wote kwa mpigo. Kazi hiyo tuliiita kulaza kisima. Maji yakijikusanya chini, mmoja anashuka kuchota na wengine wanapokea, kisha safari ya kupanda bomani.

Tulikuwa na desturi yetu. Aliyefiwa au kuuguliwa alifudikiza kibuyu chake langoni mwa bustani, mdomo chini. Ukikiona hivyo humuulizi neno, unabeba zamu yake.

Aliyenifundisha hayo ni Mbeleje, msimamizi wetu, mama wa makamo asiye na kufuli mdomoni. Katikati ya bustani palikuwa na mkwaju ambapo makarani walipumzika, na sisi tulikatazwa kukaa hapo, kama kule Kilimatinde. Mbeleje akitua mzigo langoni aliutazama, akasema, "Bustani nanywesha mimi, kivuli anakaa mwingine. Iko siku nitakaa pale. Wakija kunifukuza, watakuta nimeshakaa."

Tulicheka. Yeye hakuwa anatania.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa, na sikukuu ya kuzaliwa Kaisari ilikuwa imekaribia. Akida wa Dodoma alitufuata mtoni, kiboko mkononi.

"Miche inanyauka! Nataka maji sasa hivi."

"Bwana Akida, kisima hakijalala," Mbeleje alimjibu. "Tuache mpaka jioni."

"Jioni nitamwambia nini Bwana Mkubwa? Ashuke mmoja!" Akaninyooshea kiboko mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote.

Mbeleje alinisogeza kando kwa kiwiko. Akanipa ngata yake nimshikie, akashuka yeye. Tulipokea maji mara mbili tatu, kisha kingo zikashuka, bila hata kishindo. Tulichimba kwa mikono huku tukilia, na tulipomfikia alikuwa ameshakufa. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, wala sijawahi kutaka initoke.

Asubuhi ya sikukuu, bendera ikipandishwa, vibuyu vyetu vyote vilikuwa vimefudikizwa langoni, nasi tumekaa nyuma yake. Akida alikuja juu.

"Hamsa ishirini kwa kila mmoja!" alipiga kelele. Ndiyo viboko ishirini na tano, na sote tulikuwa tumeshaona migongo iliyovipata.

Bwana Mkubwa akamzuia. Alijua Kiswahili, ingawa alikitamka kwa shida.

"Nani amewafundisha kugoma?"

Wenzangu walinisukuma mbele. Nikaikaza ngata ya Mbeleje mkononi.

"Hatujagoma, Bwana Mkubwa. Tumefiwa."

"Sasa mnataka nini?"

"Pale kwenye mkwaju pawe pa Mbeleje. Mwanamke akitua maji akae, asifukuzwe."

Aliitazama miche yake. Mpaka leo sijui kama alimhurumia Mbeleje au aliihurumia miche.

"Kaeni," alisema mwishowe. "Lakini jina la bustani ni la Kaisari."

Tukaingia, tukakaa. Kivuli kilikuwa baridi kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo lililoniliza. Kibuyu cha Mbeleje tulikiweka penye shina, mdomo chini.

Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, na kibao chenye jina la Kaisari kikang'olewa bustanini. Waingereza wakaweka chao. Bwana Shamba wao alinifanya msimamizi wa bustani, na katika miaka yangu nilipangusa vumbi kwenye vibao vya wakubwa ambao leo majina yao siyakumbuki. Lakini wanawake walioleta mtama sokoni kutoka Hombolo na Haneti walikuja moja kwa moja mkwajuni kupumzika, na waliagana vilevile kila mara: "Tukutane kwa Mbeleje." Wengi wao hawakuwahi kumwona. Waliambiwa na mama zao kwamba pale ni pao, na ni nani aliyepalipia.

Siku niliyostaafu, Bwana Shamba alinipa mkono na blanketi. Nilimshukuru, nikaenda mkwajuni. Kibuyu cha Mbeleje kilikuwa kimeoza, kimebaki vipande. Nikafudikiza changu mahali pale pale, juu yake nikaweka ile ngata yake, niliyoitunza nyumbani miaka yote. Kisha nikakaa, nikiacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yangu.