Maji Moto wa Minazi ya Skuli

Kama kuna jambo ninalojivunia maishani, ni darasa la wasichana nililolisomesha miaka ya hamsini katika skuli moja upande wa Kiembe Samaki. Wengine watasema najisifu. Najisifu kweli, na sioni haya.

Nilikuwa mwalimu mpya, mkaazi wa Ng'ambo. Mwalimu mkuu wetu alikuwa bibi mkali aliyeamini kuwa mwanamke mwenye sindano hapotei duniani. Nilimwomba anipe kipindi kimoja nisomeshe habari za viumbe na wanavyoishi pamoja. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Nnakupa muhula huu tu, mwanangu," alisema. "Nsipoona faida yake, kipindi kinarudi kwenye kudarizi."

Nilianza vibaya. Kitabu kilikuwa cha wanyama wa nchi za theluji, na kila nilipouliza nani anamla nani, wasichana walijibu kwa pamoja kama wanaoitikia dua, macho yao yako dirishani. Nje kulikuwa na minazi ya skuli. Siku moja nikakifunga kitabu kwa hasira, nikawataka waniambie lolote kuhusu mnazi. Halafu msichana mmoja wa mstari wa nyuma, mpole kupita kiasi, akauliza, "Mwalimu, maji moto wanakula kwa nani?"

Wenzake wakacheka. Maji moto ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani juu ya mti yakawa nyumba yao. Wakikuuma utadhani umemwagiwa birika. Mimi sikucheka. Hakuuliza wanamla nani. Aliuliza wanakula kwa nani, kama tunavyouliza habari za mtu anayekula kwa shangazi yake. Swali lake lilikuwa bora kuliko langu, maana ndani yake mlikuwa na mwenyeji, na mgeni, na fadhila. Tangu siku hiyo tukasomea nje.

Wiki ileile mkwezi alishuka mnazini akijikuna, akaapa hapandi tena. Mwalimu mkuu akaamuru viota vya maji moto vichomwe. Nikamfuata ofisini, nikamwomba asubiri mpaka muhula uishe.

"Leo umekuwa wakili wa maji moto?"

"Naam," nikasema.

"Haya. Siku ya mwisho ntakuja na mwenge, na ratiba ntakuja nayo."

Nilirudi darasani. Niliwaambia wasichana waziwazi kwamba tukishindwa, somo linakufa pamoja na maji moto. Wakashika kazi. Kila asubuhi waliokota vidaka, yaani vile vinazi vichanga vinavyoanguka kabla ya wakati wake. Chini ya minazi yenye maji moto vilikuwa vichache. Chini ya isiyo nao vilitapakaa, vina makovu meusi. Kwenye mnazi mmoja mfupi wakamkuta mwenye makosa: kunguni wa minazi, amekichoma kidaka mdomo anakifyonza. Wakamtia kwenye kuti lenye maji moto, na hakudumu. Ndipo tukafunga kamba kutoka mnazi wenye maji moto mpaka wa jirani usio nao. Maji moto wakavuka kwa mstari, kama wanakwenda harusini. Muhula ulipokaribia kwisha, mnazi ule ulikuwa hauangushi vidaka ovyo tena.

Siku ya mwisho mwalimu mkuu akaja, mkwezi nyuma yake na mwenge wa makuti unawaka. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, wasichana waseme wenyewe. Yule mpole akasogea mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, nambie."

"Kunguni anakula kwa mnazi, na hatoi kitu. Maji moto wanakaa kwa mnazi, na wanamla kunguni. Kodi yao ndiyo hiyo."

"Na sie?" akauliza mwalimu mkuu. "Sie tunakula kwa nani?"

Hilo hatukuwahi kulizungumza hata siku moja. Msichana akaitazama minazi, kisha akamtazama bibi yule usoni.

"Nyumbani leo tunapika mchuzi wa nazi, mwalimu. Sie tunakula kwa maji moto."

Mkwezi ndiye aliyecheka kwanza. "Basi ntajipaka jivu nkipanda, wasiniume," alisema, akauzima mwenge mchangani. Mwalimu mkuu hakucheka. Alitoa ratiba mkobani, akaniomba kalamu, akaandika somo la viumbe kwa darasa letu, na bila ya kuombwa akaliandika kwa darasa la chini yetu pia.

Nilifika Ng'ambo bado nalia ndani ya buibui. Jirani yangu akanisimamisha njiani, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakufa mtu. Ni wanafunzi wangu wamejua jambo ambalo mimi sikuwafundisha.