Kesi ya Panga la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alilinda ghala la mbao, na mtaa mzima ulimwita Taratibu. Jina lilimkaa. Mtu gani, jamani, anafika bombani yuko peke yake, anatua ndoo, halafu anangoja zamu? Dada alikuwa akimcheka mpaka anashika mbavu.

Kazi yake aliifanya kwa panga na jiwe. Hakuwahi kumkata mtu. Hata kuku alichinjiwa na jirani. Giza likiingia aliketi langoni, analinoa panga polepole, kwaruu, kwaruu, na mwenye nia mbaya akisikia alipita zake kutafuta ghala lingine. Kazi yote ilikuwa hiyo, kusikika.

Halafu halmashauri ya mji ikapitisha sheria ndogo: mlinzi asiye wa kampuni iliyosajiliwa asiwe na silaha yoyote yenye makali. Walinzi wenzake waliyaficha mapanga yao chini ya magunia, maisha yakaendelea. Yeye je? Asubuhi ya kwanza kabisa alilifunga lake kwa gazeti, akalipeleka mwenyewe kituo cha polisi, akarudi na filimbi. Filimbi! Nikamuuliza, "Shemeji, wewe ni mlinzi au refa?" Akacheka kidogo, akaivaa shingoni.

Aliogopa, tusidanganyane. Jioni alikuwa anatoka, anafika barabarani, anarudi tena kuwaaga watoto. Ndipo akaamua kwenda mahakamani kuipinga ile sheria. Wakili wa msaada wa kisheria, binti mpole, alimwandalia maombi bure, ila alimwonya mapema.

"Baba, ungekamatwa na panga, tungekuwa na pa kuanzia. Wewe umelisalimisha kwa hiari. Watasema hujadhurika."

"Kwa hiyo kosa langu ni kutii?"

Binti alimsogezea karatasi atie sahihi.

Siku ya kesi mimi na dada tulikaa benchi la nyuma. Jaji aliuliza kwa upole kabisa, "Umeshtakiwa kwa sheria hii?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kuna mtu amekudhuru kwa kuwa huna panga?"

"Bado, Mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko. Sijui walicheka nini, wajinga wakubwa. Jaji akasema mwombaji hana haki ya kufungua shauri, kwa kuwa mahakama haisikilizi hofu ya jambo ambalo halijatokea. Kama sheria yenyewe ni nzuri au mbaya, hakuna aliyeuliza.

Njiani dada akamshika mkono. "Baba watoto, leo chukua kisu cha jikoni ukakae nacho langoni. Wakukamate, wakusikilize, yaishe."

"Nikilala mahabusu, tajiri wa ghala ataweka mtu mwingine kesho yake. Mtakula nini?"

Hazikupita wiki nyingi, wezi wakaingia ghalani. Asubuhi walimkuta shemeji chini kwenye vumbi la mbao, amepigwa kichwani, ameshapoa. Jirani wa ghala alisema filimbi aliisikia vizuri tu, akadhani ni polisi wako kazini. Nilitamani nimtafune mzimamzima.

Tulipomaliza kuzika, dada alirudi mahakamani. Madhara si ndiyo haya sasa? Jaji yuleyule alimpa pole, na alionekana kuumia kweli. Kisha akamweleza kwamba sheria ile inawahusu walinzi, na yeye si mlinzi. Mwenye haki ya kuipinga alikuwa marehemu.

"Mlimwambia bado halijatokea!" nilipayuka. Askari alinitoa nje huku amenishika mkono.

Dada hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa tajiri wa ghala, akaomba kazi ya mumewe, akapewa. Akanunua panga jipya, akaketi nalo langoni mchana kweupe, palepale wanapopita polisi wa doria.

"Sasa mimi ni mlinzi," aliniambia. "Wakinikamata, lazima wanisikilize."

Walikuja wawili. Mkubwa wao ndiye aliyelipokea panga la shemeji kituoni. Alichuchumaa mbele ya dada, akalitoa panga mikononi mwake, akampa mwenzake.

"Mama, siwezi kukukamata. Una msiba, una watoto. Nenda kapumzike."

"Nikamate."

"Hapana, mama."

"Nikamate, nakwambia! Niandikie kosa!" Alimng'ang'ania shati mpaka vifungo vikakatika. Hapo sasa ndipo alipolia, kilio cha siku zote zile. Yule polisi alijinasua, akaomba radhi, akaenda zake na panga. Wema wake ule sitausahau, na sitamsamehe.

Tajiri alikuwa anatazama kutoka dirishani. Akamwita dada, akamwambia akionekana tena na panga kazi hana, maana watu wa kuitaka ni wengi. Na bila kazi, si mlinzi tena.

Nilimwambia aache, tutabanana kwangu na watoto wote. Dada alinitazama, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Utawalisha mpaka lini, mdogo wangu?"

Jioni ile alivaa koti la mumewe, akaingia lindoni mikono mitupu.