Mgonjwa Aliyeombewa kwa Jina la Mama

Kuna aibu ambazo mtu akihama mtaa zinakwisha. Yangu mimi, hata nikihamia Ludewa kule milimani, nitaikuta imeshafika imekaa kwenye benchi inanisubiri, kwa hiyo nimeona bora niisimulie mwenyewe kuliko kuendelea kuwasikia watu wa Kitandililo wakiisimulia kwa kutia chumvi (eti nilimfunga mbwa kilemba, sikumfunga kilemba, lilikuwa blanketi tu, na lilimfika hadi masikioni kwa sababu ya baridi).

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, naishi peke yangu tangu wanangu walipotawanyika kutafuta maisha. Nasema peke yangu lakini ni uongo, naishi na Mbao. Mbao ni mbwa. Jina alipewa na maseremala wa jirani kwa sababu mgongo wake ni mrefu na miguu ni mifupi, akipita barabarani unaona ubao unatembea, na sijui alirithi kwa nani maana mama yake alikuwa mbwa wa kawaida kabisa. Sasa kwetu huku kazi ya mbwa inajulikana, analala nje, analinda, anakula kilichobaki, basi. Mbao alikuwa analala ndani, chini ya cherehani, juu ya mabaki ya vitambaa, na ikifika mwezi wa saba namfunika. Hilo watu walikuwa hawalijui na mimi sikuona sababu ya kuwatangazia.

Asubuhi moja akaruka kutoka kwenye kiti changu kama kawaida yake, nikasikia amelia mlio mmoja mfupi, halafu kimya. Kugeuka namwona anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inaburuzika kama si yake. Nilikaa chini palepale sakafuni. Nikamwita bwana mifugo wa mtaani, akampapasa mgongo, akatikisa kichwa, akasema hili linamzidi, ni uti wa mgongo, kuna daktari wa mifugo Njombe, upande wa Yakobi, huyo ndiye anajua, lakini nisichelewe, na nisimkunje, nisimpakie pikipiki, nisimbebe mkononi, alale kwenye kitu kilichonyooka mpaka afike. Basi nikachukua ubao ninaokatia vitambaa, nikatandika blanketi, nikamlaza. Mbao juu ya ubao. Siku nyingine ningecheka.

Kazi ikawa usafiri. Kondakta wa kwanza aliniuliza mgonjwa ni nani, nikamwambia, akafunga mlango wa basi nikiwa bado naongea. Wenye teksi nao wakasema mbwa ananuka, viti vitaharibika. Na wakati wote huo Mbao amelala pale, halii, habweki, ananitazama tu, na mimi kila nikimtazama nasikia lile neno la bwana mifugo, nisichelewe.

Jioni yake ilikuwa jumuiya ya sala, nyumbani kwa Mama Neema, jirani yangu na mteja wangu, mwanamke mwenye huruma nyingi na sauti kubwa zaidi ya huruma. Nilikwenda nikiwa na nia moja tu. Kwenye jumuiya yetu yupo Mzee Mlowe, mzee wa kanisa, ana pikapu ya kubebea viazi, na kesho yake alikuwa anakwenda Njombe. Nilipanga nimwombe pembeni, taratibu. Lakini tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, kila mtu anasema lake, zamu ikanifikia na mimi nikajikuta nimesimama nasema nina mgonjwa nyumbani, miguu imekataa, anatakiwa kufika Njombe amelala, na sina gari. Nikafika hapo, nikavuta pumzi niseme ni mbwa, nikawatazama wale watu. Kulikuwa na mama mmoja ametoka kuomba kwa ajili ya figo za mumewe. Neno mbwa likanikwama.

Mzee Mlowe akauliza kwa upole, "Ni mama wa Makete? Ulisema utamleta."

Kweli nilisema, tangu Krismasi, kwamba nitamchukua mama yangu aje akae na mimi. Nikainamisha kichwa nitafute maneno. Jamani, kwa watu wa sala usiinamishe kichwa hovyo. Yule mzee alipoona nimeinama na yeye akainama, wote wakainama, akaanza palepale, "Baba, tunamleta mama yetu mbele zako." Sasa niambieni ninyi, maombi yanakatizwaje? Mtu unasimama katikati unasema samahani Mzee, mbele za Mungu kuna makosa kidogo, huyo si mama? Nikasubiri amalize. Hakumaliza. Aliomba kwa ajili ya miguu, kwa ajili ya uzee, kwa ajili ya baridi ya Makete, mpaka akafika mahali akasema, na gari hili ulilonipa, Bwana, kesho asubuhi ni lako, limbebe mgonjwa huyu. Wote wakasema Amina.

Na mimi nikasema Amina. Hilo ndilo kosa langu lote, neno moja, na nililitamka vizuri tu, kwa sauti ya kusikika.

Nilirudi nyumbani nikijidanganya kwamba mzee atakuja peke yake, nitamweleza mlangoni, yaishe. Nilisahau nakaa na watu gani. Asubuhi ukungu haujainuka, nasikia salamu, "kamwene, kamwene", uani, natoka, naikuta pikapu imetandikwa godoro na mashuka safi, Mzee Mlowe yuko kwenye usukani, na nyuma ya gari wamama wa jumuiya karibu wote, wamejifunga vitenge vya safari, mmoja ana chupa ya uji, mwingine ana mayai ya kuchemsha, Mama Neema ana beseni na maji ya moto, anasema wameona mama asisafiri bila kuoga. Nikasimama mlangoni nikashika miimo miwili. Nikasema amelala. Wakasema basi watamsubiri. Nikasema pengine tusimsumbue, ana haya. Mama Neema akaniambia haya ya nini, wote ni wanawake hapa, akaniwekea beseni miguuni.

Ningesema hapo. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Lakini wao, kwa ile nia yao njema, wakaanza kuimba taratibu ili mgonjwa aamke kwa wimbo.

Nilisahau kuwaambia kwamba Mbao ni mwimbaji. Tarumbeta za kanisani zikilia Jumapili, yeye huinua pua na kuitikia mpaka watoto wanakuja kumwangalia. Tangu miguu ilipokufa hakuwa ametoa sauti yoyote. Sasa ule wimbo ukamfikia ndani, na nikasikia ameitikia, sauti ndefu, nyembamba, ya kutetemeka. Wimbo ukakatika. Mimi nikaanza kulia. Nalia kwa furaha, maana nilidhani ameshakata tamaa ya maisha, kumbe bado anaimba, lakini wao wataijulia wapi furaha hiyo? Wamesikia mtu amepiga ukelele ndani, wanaona binti yake analia mlangoni. Mama Neema akanikumbatia na kunivuta pembeni. Mzee Mlowe akavua kofia, akaingia.

Alipiga goti kando ya ubao. Akainua ncha ya blanketi kwa vidole viwili, na Mbao, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumnyima mtu salamu, akamlamba shavu.

Wamama walikuwa wamejaa mlangoni nyuma yangu, mmoja ameshajifunga kanga kiunoni tayari kwa kilio. Mzee akajifuta shavu. Akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, ningependa ungekuwa nayo.

"Mama yuko wapi?"

Nikasema yuko Makete, mzima. Nikasema huyu ni Mbao. Nikasema samahani, halafu maneno yote yaliyonikwama jana yakatoka kwa pamoja, makondakta, teksi, bwana mifugo, kwamba niliogopa watanicheka, kwamba ninalala nyumba moja na huyu mbwa na nikiamka yeye ndiye wa kwanza kufurahi kuniona. Mama Neema akasema, "Ungesema ni mbwa tusingekuja." Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana sikusema.

Nikainama nianze kukusanya blanketi. Ndipo Mzee Mlowe akavaa kofia yake akasema, "Gari nilimwahidi Mungu, sikumwahidi mama yako. Shikeni ubao huku na huku, asikunjike."

Wakashika. Wale wamama walioacha kazi zao wakambeba mbwa kwa mwendo ule wa kubebea jeneza, wakamlaza kwenye mashuka yaliyopigwa pasi kwa ajili ya mama yangu. Nilidhani watashuka waende zao. Wapi. Walishavaa vya safari, uji upo, mayai yapo, wakapanda. Tukaenda Njombe hivyo, pikapu polepole kama ya harusi, na kila tulipopunguza mwendo mtu wa barabarani anatoa kofia akidhani tumebeba mgonjwa mahututi, mpaka anaona masikio.

Daktari wa Yakobi alitoka nje kuangalia msafara ule, akauliza ng'ombe yuko wapi. Tulipomwonyesha hakucheka, namshukuru. Akaeleza kwamba kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu laini kama kigodoro, kimoja cha Mbao kimechomoka kinabana mishipa ya fahamu, mbwa warefu namna hii ndio ugonjwa wao. Akasema sasa anataka kujua jambo moja. Atambana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Akisikia maumivu, kuna matumaini, akilala bila kuruka, akihudumiwa, anaweza kutembea tena. Asiposikia, akanitazama, basi tusimtese.

Akachukua koleo lake. Wale wamama walionuna njia nzima wakashikana mikono. Mimi nilishindwa kuangalia, niliangalia kofia ya Mzee Mlowe. Nikasikia kimya, kimya, halafu Mbao akalia na kugeuka kutaka kumng'ata daktari. Mama Neema akasema asante Yesu kwa ile sauti yake mpaka kuku wa daktari wakatawanyika, halafu akakumbuka amemshukuria mbwa, akaanza kukunja kitenge chake bila sababu.

Uangalizi ndio uliokuwa kazi. Nilimzungushia vipande vya mbao kona ya chumba awe na nafasi ya kugeuka tu, nikawa nambinya tumbo kwa chini akojoe, namgeuza ubavu asipate vidonda, na baadaye nampitisha kitenge tumboni namnyanyua nyuma, yeye anatembea na ya mbele, mimi nimeinama nyuma yake, tunazunguka uani. Wapita njia wanasimama. Wacha wasimame, aibu yangu ilikuwa imeshaliwa yote, nilikuwa sina nyingine ya kumpa mtu. Na siku mguu mmoja wa nyuma ulipokanyaga wenyewe niliketi chini nikalia, safari hii hakuna aliyeleta beseni.

Ila mkasa haukuishia hapo, maana habari haina breki. Simu ikalia, mama kutoka Makete. Hata hakunisalimu.

"Nasikia naumwa," akasema. "Nasikia miguu imekataa na nimepelekwa Njombe. Nimeona nikuulize wewe, maana mimi sijaambiwa."

Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, nikajua anacheka, huwa anacheka bila sauti. Akasema anakuja kumwona huyo aliyekula maombi yake.

Akaja. Jumuiya ya wiki hiyo ilikuwa kwangu, nyumba ikajaa kuliko kawaida (mnajua kwa nini), Mbao amelala kwenye kona yake. Tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, mama akashika ukingo wa meza akainuka, na ni hapo, mbele ya watu wote, nilipoona anavyoinuka, kwa vipande, akipumzika katikati. Akasema, "Mliniombea miguu, maombi yakaenda kwa mbwa, na nyote mnaona yamefanya kazi. Sasa naomba na mimi yangu. Magoti yananiuma miaka mingi."

Watu wakacheka sana. Mzee Mlowe alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikuweza. Nilikuwa najua kila pingili ya mgongo wa yule mbwa, najua alikojoa saa ngapi, na magoti ya mama yangu sikuwahi kuyauliza. Tangu Krismasi nasema nitamleta, nitamleta, na ameletwa na aibu yangu.

Hakurudi Makete. Asubuhi jua likitoka tunazunguka uani, Mbao mbele anayumba kama mtu aliyeonja pombe ya ulanzi, mama na fimbo yake, mimi nyuma yao na kitenge mkononi, sijui nitahitaji kumnyanyua yupi. Nimeapa mambo mawili. Sitaitikia tena Amina kwa maombi ambayo najua yana kosa. Na nikisimama kuomba, mgonjwa wangu nitamtaja kwa jina, kwa sababu siku hizi pale jumuiya, mtu yeyote akisema tu ana mgonjwa nyumbani, Mzee Mlowe hainamishi kichwa mpaka aulize kwanza, huku akinitazama mimi, "Wa miguu mingapi?"