Ziwa Alilolionyesha Bibi

Mimi ni mtu wa jikoni kwangu. Ukiniona nimevuka ua, ujue kuna msiba. Juzi msiba ulinifikisha Bahi, nikakuta ziwa la utoto wangu limekuwa matope mekundu na mbuzi. Wenzangu walikuwa wanamlilia marehemu. Mimi, utanisamehe, nilikuwa namlilia bibi na chumvi yake.

Enzi za Mjerumani ziwa lile halikutulia mahali pamoja. Mvua zikinyesha lilijaa hadi kwenye migunga. Kiangazi lilijikunyata katikati. Mto Bubu ulileta maji kutoka milima ya Kondoa, na hapakuwa na mto wa kuyatoa. Jua liliyanywa, likatuachia chumvi. Hapo wanawake walikwangua udongo mweupe, wakautia kapuni, wakamimina maji, na yaliyochuruzika wakayachemsha. Bibi alikuwa na sehemu yake, aliyoirithi kwa mama yake. Mlenda wa chumvi ile na ugali wa uwele, acha tu! Kukwangua nilikuwa mvivu, kuonja hodari. Na ng'ombe wetu walipata majani ya kiangazi papo hapo.

Kiangazi kimoja akaja mzungu mpimaji na minyororo yake na fito nyeupe, pamoja na mkalimani wa pwani. Wanaume, kwa kuhofia kodi, walikwishakimbiza ng'ombe porini. Wakaulizwa wanawake: ziwa likijaa hufika wapi?

Jirani akamnong'oneza bibi, "Anayeuliza mpaka wa shamba analitaka shamba. Mpe dogo."

Bibi akanyoosha kidole kwenye kidimbwi. "Pale tu, bwana. Halijawahi kuzidi."

Mkalimani akatazama chini. Tulikuwa tumesimama juu ya maganda ya konokono na mifupa ya kambare. "Na hawa, mama?"

"Ndege huwaleta."

"Ndege wenu wana kazi!" Akatafsiri hivyo hivyo, na fito zikapigwa kuzunguka kidimbwi.

Haukupita muda, jumbe akaleta amri. Penye ziwa tuachiwe wenyewe, mzungu hana haja na matope. Nchi kavu yote nje ya fito ni ya serikali, marufuku kulisha, marufuku kukwangua.

Bibi akakimbilia kambini kwa mpimaji. "Bwana, nilidanganya! Ziwa hufika kwenye migunga!"

Mkalimani akacheka. "Juzi dogo, leo kubwa. Mama, unataka kumnyang'anya Kaizari nchi?" Wala hakumtafsiria mzungu.

Mvua zikaja, maji yakafunika fito zote. Mpimaji alikwishaondoka, na karatasi yake haikulowa. Bibi alisimama ukingoni na kapu tupu. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "ziwa nalo! Lingewahi kidogo lingetusemea." Tangu hapo chumvi ikatoka dukani, naye hakuisifu hata siku moja.

Mjerumani alikwenda zake. Lakini milima ilikatwa miti, mto ukashusha udongo mwaka baada ya mwaka, na sehemu ya bibi imezikwa chini yake. Hata ningekuwa na nguvu za kukwangua, nisingejua nianzie wapi. Juzi pale msibani nilimwonyesha kijana mmoja nyumba za bati zilizoota mahali pa migunga, nikamwambia maji yalifika mpaka pale.

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Bibi, kwani unatafuta kiwanja?"