Mtemi Aliambiwa Nini?

Leo asubuhi nimeondoka Ipuli, Tabora mjini, bila hata kunywa chai. Dada yangu akauliza, "Haya, wapi tena?" Nikamjibu kwamba nikifika nitajua. Basi lililokuwa linatoka lilikuwa la Nzega, nikapanda hilo hilo. Nilikuwa nakimbia swali la mtoto.

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Tabora mtakumbuka, tulicheza msafara. Wengine tulijitwika magunzi ya mahindi, ndizo pembe za ndovu, tukaja tukiimba hadi kwenye mstari uliochorwa mavumbini. Ng'ambo alikaa mtemi, ndiye mtawala wa nchi, kaptula imetoboka, kajifunga kanga ya mama yake. Hupiti bila hongo, na hongo ya wakati huo ilikuwa ushuru wa njia: michembe minne ya viazi vitamu vilivyokaushwa, sita ukiwa na kiburi. "Mtapita, mtachota maji, kisima hamchimbi!" Bibi, aliyekuwa akipepeta mpunga pembeni, alituambia hayo hayatoshi. "Mgeni ayarudie kwa mdomo wake. Asiporudia hamjapatana, mmepigiana kelele tu." Tukarudia, tukakosea, tukabishana mpaka michembe ikaliwa yote. Vijana wa leo wanabonyeza "nakubali" kwenye simu kabla ya kusoma hata neno la kwanza.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu aliandika ubaoni sentensi moja: watemi waliweka alama kwenye mikataba ya Wajerumani bila kuielewa. Akaweka nukta, akahamia kwenye kilimo cha pamba. Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, mikataba yenyewe ilisemaje? Na mtemi aliambiwa nini?" Darasa likaangua kicheko. "Wewe mtemi," akasema, "kwenye mtihani hilo halimo. Toka nje!" Nikatoka na vumbi la chaki puani, nikakuta jua la saa tano na barabara isiyo na kengele. Sikurudi tena. Tangu hapo nimepakia tumbaku, nimeuza asali, nimeswaga ng'ombe mpaka Igunga, na kila nifikapo nawauliza wazee. Wananipa vipande vipande.

Jana Kabula, binti wa dada, alinifungulia daftari lake. Darasa la sita, sentensi ile ile. "Mjomba, hiyo karatasi ilisemaje?" Nikamwambia sijui. Akafunga daftari. "Basi walikuwa wajinga tu."

Neno hilo halikunipa usingizi. Sisi hatukuwa na kitabu, lakini mchezo ulitufundisha kwamba wazee wetu walijua kupatana. Leo vitabu vipo, mchezo umekufa, na mtoto anabaki na ujinga wa babu zake kama jibu la mtihani. Shule zifundishe mapatano yale, kwa mtoto wa Tabora na wa Pwani sawasawa: nini kiliandikwa, nini kilisemwa kwa mdomo, nani alivunja.

Nzega nimepata chumba nyuma ya stendi, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni.

"Unakaa siku ngapi, baba?"

"Sijui, mama."

"Na umefuata nini huku?"

"Hilo nalo sijui."

Akacheka, akanipa ufunguo na ndoo ya maji. Nikakaa kitandani, viatu bado miguuni, nikampigia Kabula.

"Kesho mwulize mwalimu lile swali."

"Mjomba, atanitoa nje!"

"Akikutoa, rudi. Mimi sikurudi."