Fundo la Mkono wa Kushoto

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea pakiti ya ukwaju kutoka dukani. Ukwaju safi, umetolewa kokwa na nyuzi zote, umefungwa kwa plastiki, na juu yake jina la chama cha wakulima wa huko Mto Tana. Akaikata kwa kisu pale jikoni. Ile harufu ya uchachu na chumvi ilipotoka, ilinibidi nivute kiti nikae. Mtoto akadhani ni sukari imepanda, akakimbilia maji, nikamwambia aniache. Nilikuwa nimerudi karibu na Masalani, nina miaka tisa, na mama yangu ameinama juu ya mkeka anachambua ukwaju.

Ukwaju wa msitu wa Tana haukupandwa na mtu. Wanaume wetu walikuwa na ng'ombe wao, na wanawake walikuwa na msitu. Kila msimu alikuja mchuuzi na lori lake na magunia matupu, akanunua ukwaju na maganda yake kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Ungemfanya nini? Ukiuweka ndani unaliwa na wadudu. Lakini mama yangu, Dahabo, hakuwa mtu wa kupewa chochote akashukuru. Alimwita mdogo wake Kaltuma, ambaye mimi nilimwita habaryar, maana ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama mdogo, na wawili hao wakawakusanya wanawake wengine kumi na kitu, wakaunda chama. Wakaanza kumenya, kutoa kokwa, kukanda kwa chumvi, kuanika, na kushindilia katika makanda waliyoyasuka kwa majani ya mkoma. Ukwaju wa namna hiyo unakaa mwaka mzima. Wakaupakia kwenye lori la kwenda Garissa, na wenye maduka wakaugombania. Msimu ule mchuuzi alikaa juani siku mbili akingoja, akaondoka na magunia yake matupu, na habaryar alimsindikiza kwa maneno ambayo mbele ya wajukuu wangu siyarudii.

Shida haikukosa. Wapo walioacha kokwa katikati ili kanda lipate uzito. Wenye maduka wakalalamika na lawama ikawaangukia wote. Ndipo mama akatoa shauri kwamba kila mwanamke afunge kanda lake kwa fundo lake mwenyewe, asilolifunga mwingine, ili kanda baya likirudi lijulikane limetoka kwa nani. Walibishana sana, wakakubali. Tangu siku hiyo kokwa hazikuonekana tena. Nani anataka aibu yake iletwe na lori mbele ya wenzake?

Habaryar Kaltuma alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwetu hilo si jambo la kujivunia, na bibi alimpiga vidole utoto wake wote ili aache, hakuacha. Fundo lake liligeukia upande usiotarajiwa, na hakuna aliyeweza kuliiga. Kazi ikiisha, wale wanawake walikuwa wananifunga macho kwa shela, wananipa kanda moja moja, mimi napapasa fundo na kumtaja mwenye kanda. Sikukosea hata mara moja. Wakanishangilia, na mimi kichwa kikavimba. Jamani, hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopata duniani, na niliipenda kupita kiasi.

Vita vilikuwa vimeshaanza wakati huo, lakini kwa mtoto vilikuwa mazungumzo ya wanaume, watu wanaotaka nchi yetu ijiunge na Somalia, watu walioingia msituni na bunduki, watu ambao serikali iliwaita shifta. Halafu vikatufikia. Tuliamriwa tuhamie kambi moja kando ya barabara, tukazungushiwa miiba, tukawa tunahesabiwa asubuhi na jioni. Ng'ombe walibaki nje. Baba alitoka kuwafuata na hatukumwona tena. Mpaka leo sijui kaburi lake.

Wanawake waliruhusiwa kwenda msituni asubuhi tu, kwa zamu, wakisindikizwa na askari. Wakaendelea na ukwaju wao. Malori ya Garissa yalikuwa yakipita mara mojamoja, na makanda yakapakiwa kama zamani. Mama alisema watatunyang'anya kila kitu lakini chama hiki hawatakiweza. Alikuwa ameachiwa watoto na hana mume, ndugu yangu mdogo bado ananyonya, na habaryar naye ana kichanga chake, Issa, wa miezi mitano. Unga wote tuliokula mle kambini ulitokana na ukwaju.

Haya ninayosema sasa, sehemu yake niliyajua baadaye. Askari walipigana na watu wa msituni mahali fulani mbali, na palipotulia wakakuta kando ya maiti kanda la ukwaju. Mtu anayetembea siku nyingi porini anafaidika na ukwaju, unaukoroga kidogo kwenye maji na unasonga mbele. Wakajua makanda ya namna ile yanatoka kwetu. Asubuhi wakawasimamisha wanawake wote wa chama uwanjani, wakalitupa kanda chini, wakauliza limefungwa na nani. Mmoja mmoja wakasogezwa kulitazama. Mmoja mmoja wakasema hawalijui. Mama alisema halijui. Habaryar Kaltuma, mwenye fundo, akalitazama na yeye akasema halijui.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, pale kwenye tangi, na debe langu. Askari mmoja akaja akakaa ukingoni mwa tangi, kijana mwenye sauti ya upole, akaliweka lile kanda mapajani. Mimi nilikuwa nimesoma shule kidogo, nikajua Kiswahili, na watoto wengi pale hawakukijua. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akauliza darasa, nikamwambia. Halafu akalisifu lile fundo, akasema kwao hajaona fundo zuri hivyo, na hajui ni nani anayeweza kufunga hivi.

"Hii ni ya habaryar Kaltuma," nikasema, kwa Kiswahili changu cha kuvunjavunja. "Yeye nafunga na mkono ya kushoto."

Hakukasirika, wala hakuruka. Alinipa biskuti mbili kutoka mfukoni, akanipigapiga begani, akaondoka. Nikarudi mbio maji yakimwagika, nikamsimulia mama jinsi nilivyoongea na askari mpaka akanipa zawadi. Mama alinifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Wewe ulikwenda kuteka maji, ukarudi," alisema. "Hukuzungumza na mtu. Umesikia, Nuria?"

Akatoka mbio kuelekea kwa habaryar, lakini walimtangulia. Nilimwona Kaltuma akipandishwa lori, akimnyooshea mama yule mtoto kwa mikono miwili, na mama akimpokea. Nikauliza kwa nini wanamchukua. Mama akanijibu ni kwa sababu ya kipande chake cha kambi, kina makosa. Nikaamini, maana nilitaka kuamini. Biskuti nilikuwa nimeshazila.

Mama alimnyonyesha Issa pamoja na ndugu yangu, huyu titi hili, yule lile, na yeye mwenyewe amebaki mifupa. Surua ilipoingia kambini ilichukua watoto wengi. Ndugu yangu alipona. Issa hakupona. Mama alimwosha mwenyewe, na siku ile ndiyo mara pekee nilipomsikia akilia kwa sauti.

Na chama nacho kikafa. Hakuna mwanamke aliyethubutu tena kufunga fundo linalojulikana. Wakafunga ovyo, kila mtu kama mwenzake, na baada ya muda kokwa zikarudi ndani ya makanda, na wenye maduka Garissa wakasema hawautaki tena. Kabla vita havijaisha yule mchuuzi alikuwa ameshafika na magunia yake, akaukuta ukwaju na maganda yake ukimngoja, akataja bei yake. Lakini lililonishangaza mimi mtoto ni kwamba wanawake hawakukaa na mama tena. Kwenye foleni walimpa mgongo. Alichambua ukwaju peke yake, mlangoni, yeye aliyekianzisha chama chenyewe. Nikamwona kama mtu aliyeshindwa kuishi na wenzake, na Mungu anisamehe, nilimwonea aibu.

Habaryar alirudi baada ya misimu miwili. Mama alikwenda kumlaki, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani. Yaliyompata huko alikopelekwa hakuyasimulia kwa yeyote. Alihamia Garissa, akaishi mtaa wa Iftin, akauza nguo, na kwa maisha yao yote yaliyobaki hakukanyaga kwa dada yake. Nikakua nikisema Kaltuma ana moyo mgumu, anamlipiza mama kifo cha mtoto kilicholetwa na surua.

Mama alipofariki, hakuja hata mazikoni. Hilo lilinichoma. Siku ya nne nikaenda Iftin nimejaa hasira, nikamkuta amekaa kwenye jamvi, mzee, tasbihi mkononi. Sikusubiri chai. Nikamwambia mama ameondoka akilitaja jina lake, na kwamba hata adui huzikwa na jirani zake. Aliniacha nikamaliza.

"Mama yako ndiye aliyenitaja kwa askari," akasema. "Wanawake waliniambia niliporudi: alisema mwenyewe, jioni ile ile, mbele yao wote. Hakuna aliyemlazimisha."

Nikakaa chini. Nililiona lile tangi, na zile biskuti, na kile kiganja mdomoni mwangu. Wanawake walikuwa wametaka kujua nani amesema, na wangejua tu, kambi ile ilikuwa ndogo na watoto wengine waliniona. Aliyejulikana amesema kwa askari alipewa mgongo na watu wake, na watu wa msituni waliweza kumjia kwa kisu. Mama akawahi. Akalichukua lile neno kutoka mdomoni mwangu akaliweka mdomoni mwake, kisha akaja kulala kando yangu na hakuniambia. Na kanda lenyewe, jamani, halikupelekwa msituni na mtu wetu yeyote. Liliuzwa dukani Garissa kama mengine yote, akalinunua aliyelinunua. Wanawake walikuwa wamefurahi mno kwamba ukwaju wao unafika mbali.

Nikamweleza habaryar yote, toka foleni ya maji mpaka biskuti. Nilimweleza pia jinsi Issa alivyonyonya, maana hilo nalo hakuwahi kuambiwa. Tasbihi ilisimama mkononi mwake.

"Dahabo alikaa miaka yote hii," akasema, "akaniacha nimchukie."

Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Nami sikumwomba. Wa kwanza kuombwa radhi alikuwa mwingine, na tulikuwa tumeshamzika, na katika miaka yote aliyoishi kati yetu hakuna aliyemwuliza ilikuwaje, si habaryar wala mimi.